Viatu Chini ya Cherehani

Cherehani yetu imesingiziwa mengi katika maisha yake, lakini wiki ile ya harusi yangu ilisingiziwa kupita kiasi. Jumatatu Mama alisema mkanda umelegea. Jumanne akasema bobini inakwama. Alhamisi asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili tu niolewe, alitoa mguu kwenye pedali, akavua miwani, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba:

"Imekufa."

"Nini kimekufa, Mama?"

"Hii. Sindano inapiga, uzi haushiki. Imekufa kabisa."

Nilikuwa kwenye kigoda changu karibu na dirisha, napinda sketi ya shule ya mteja. Hiyo ndiyo kazi yangu pale dukani tangu nilipokuwa na miaka kumi. Mama anakata, Mama anashona, mimi napinda. Mama mwenyewe sikuwahi kumwona akipinda nguo hata moja. Suruali, sketi, magauni ya maharusi yasiyo na idadi, pindo zote zangu. Wateja wakaanza kuniita Pindo, jina likaniganda, na hata yule aliyekuja kunichumbia alilijua hilo kabla ya jina langu la cheti. Sikuwahi kuuliza kwa nini iwe hivyo. Ukikua unamwona mama yako hanywi maziwa, huulizi. Unajua tu kwamba hanywi.

Tatizo ni kwamba safari hii gauni lilikuwa langu. Na Mama ana sharti moja ambalo hata wateja wanalijua: bibi harusi hatii sindano kwenye gauni lake mwenyewe. Basi gauni lilisimama pale pembeni, limevalishwa sanamu, limefunikwa shuka jeupe kuanzia mabegani mpaka sakafuni. Mikono ilikuwa tayari, lesi tayari, vifungo ishirini na vinne vya mgongoni tayari. Kasoro pindo.

"Mama," nikasema taratibu, maana Mama akiwa hivi unamwendea kama unavyoiendea sufuria ya moto, "pindo la gauni la harusi si linashonwa kwa mkono?"

"Kuna bitana. Bitana ni ya mashine."

"Bitana ni dakika tano."

"Dakika tano kwa mashine gani? Si nimekwambia imekufa?" Akavaa miwani tena, akanitazama kwa juu ya fremu. "Mwanangu, ahirisheni. Wiki mbili tu. Au tatu."

Tulikuwa tumeshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mgongo wa Mama, mgongo ambao wiki iliyofuata ulibeba majora sita ya kitambaa bila kulalamika. Mara ya pili lesi haikumridhisha, akaifumua yote.

"Mama, mara ya tatu hakuna harusi. Unajua alichosema baba mkubwa wa mwenzangu. Amesema watu hawaitwi harusini kila mwezi kama wanaitwa kikao cha wazazi shuleni. Ikiahirishwa tena, yeye hasimami kama mzazi."

"Basi asisimame. Akae."

"Mama!"

"Nimesema uongo? Mzee kama yule kusimama kwake kazi."

Nikaweka sketi chini, nikachukua simu.

"Unampigia nani?"

"Fundi mashine."

"Fundi yupi?"

"Wewe unamjua fundi mwingine anayekuja siku hiyohiyo unayomwita?"

"Usimwite huyo Bwana Bisibisi hapa! Gauni liko wazi!"

"Limefunikwa mpaka visigino, Mama. Hata mimi silioni."

Bwana Bisibisi. Ndivyo Mama alivyombatiza tangu siku ya kwanza, miaka miwili nyuma, alipokuja kutufungia mota mpya. Mimi siku ile nilijichoma sindano mara tatu kwa kuangalia pasipotakiwa kuangaliwa. Hakuwa mzuri wa kusimamisha watu barabarani. Lakini alikuwa na namna ya kusikiliza mashine, anainamisha kichwa, anatulia, kama anayesimuliwa siri, na mimi nikajikuta natamani kusikilizwa hivyo. Mama hakuwa na neno baya juu ya tabia yake. Ugomvi wake ulikuwa na ule mfuko wa vifaa. "Mwanaume mwenye mfuko begani," aliniambia, "saa yoyote yuko tayari kwa safari."

Alifika kabla sketi sijaimaliza.

"Hodi."

"Karibu," nikasema, na sauti ikatoka nyororo kuliko nilivyopanga. Mama akaguna.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Geuza uso."

Akageuza. Aliingia ubavu ubavu kama kaa, mgongo kwenye gauni, macho kwenye kalenda ya ukutani, mpaka akaifikia cherehani. Aliponipita, mkono wake uligusa bega langu kidogo sana, kiasi cha mtu kusema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Miaka miwili, na bado mguso ule ulinipanda mpaka masikioni.

"Haya, Mama, leo inasema nini?"

"Haisemi. Imekufa."

Akachuchumaa. Akazungusha gurudumu kwa mkono, akainamisha kichwa. Kisha akaiangalia sindano, na nikaona mgongo wake umetulia ghafla. Na mimi nikachungulia.

Sindano ilikuwa imegeuzwa.

Niwaeleze wasiojua. Sindano ya cherehani ina upande mmoja bapa, na upande huo una mahali pake. Mwanafunzi wa ushonaji hufundishwa hilo wiki ya kwanza. Fundi wa miaka thelathini hawezi kuikosea, kama vile wewe huwezi kukosea mdomo wako ukila. Sindano ile ilikuwa imechomolewa, ikageuzwa, ikakazwa kwa makusudi. Na mle ndani tulikuwa wawili tu, na mimi sikuigusa.

Alinitazama. Macho yake yaliuliza, yangu yakajibu kwamba sijui. Nilimwonea Mama aibu, na nikasubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Mara tatu wiki hiyo ameacha kazi zake kuja kutengeneza mashine isiyo na ubovu.

Akaifunika sindano kwa kiganja, akalegeza skrubu, akaigeuza polepole, akakaza.

"Imechoka tu, Mama," akasema. "Mashine nazo zinachoka. Nimeipumzisha."

Jamani, nilimpenda upya. Pale pale, mikono yake ikinuka mafuta ya mashine.

Mama alikuwa ameona kile kiganja. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Umeona."

"Nimeona mashine inayotunzwa kuliko watoto wa watu. Jaribu."

Mama akapitisha kipande cha kitambaa. Cherehani ikaimba. Akachukua bitana, akaishona, na kweli haikufika dakika tano. Halafu sote watatu tukajua kilichobaki.

"Sasa pindo," nikasema.

"Mkono unaniuma."

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Mama, kama humtaki, mwambie! Yuko hapa, amesimama, mwambie usoni! Kuliko kuniua kidogo kidogo, leo mgongo, kesho lesi, keshokutwa mkono! Mimi ni binti yako au adui yako?"

"Pindo," akasema mchumba wangu, "taratibu."

"Taratibu gani? Keshokutwa watu wanakuja kuniona nimevaa nini, shuka hilo?"

Mama alikuwa anaviringisha uzi kwenye kidole, anaufungua, anauviringisha tena. Kumwona hivyo kulinitisha kuliko maneno yoyote.

"Nitapinda mimi," akasema Bwana Bisibisi.

Tukamgeukia wote.

"Wewe?" Mama akauliza.

"Sharti linasema bibi harusi asitie sindano. Bwana harusi limemtaja?"

"Halijamtaja kwa sababu hajawahi kutokea mwendawazimu wa kujaribu!"

"Basi leo ametokea."

Akatoka nje kwenye bomba. Alinawa kwa sabuni mara tatu, mpaka kwenye viwiko, akarudi ameinua mikono hewani. Nililipandisha shuka kiasi cha shubiri moja kutoka chini, pindo pekee lionekane, nikalibana kwa pini. Nikatunga uzi, nikampa sindano na subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni. Hakikumwenea hata kidole cha mwisho. Akapiga magoti mbele ya sanamu. Nilikuwa nimeinama karibu yake kiasi cha kusikia pumzi yake, nikamwambia kwa kunong'ona:

"Kila mshono nafasi ya punje moja ya mchele. Ndivyo Mama alivyonifundisha, kwa mdomo tu."

"Punje ya mchele," akarudia, kwa utiifu.

Akashika ukingo wa kitambaa, akaukunja. Kisha akaukunjua, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili gauni limeshawahi kupindwa."

"Ni mtumba," nikamwambia. "Mama alilipata kwenye mitumba, akalifumua na kulitengeneza upya. Si unaona lesi ya zamani?"

"Mbona matundu haya ni ya mkono?" Akapitisha ukucha juu ya kitambaa. "Angalia."

Niliangalia. Alama ya mkunjo wa zamani ilizunguka gauni zima, na juu yake matundu madogo, mstari mmoja. Tundu, punje ya mchele, tundu. Tundu, punje ya mchele, tundu. Mkono ule naujua kama ninavyoijua sauti ya Mama akiniita kutoka uani.

Nikainuka. "Mama. Hili gauni la nani?"

Aliondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni alilovaa, akaivaa, ikawa bado haijasafika.

"Langu," akasema.

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Tukamngoja apite.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikuwa na mashine, nililishona lote kwa mkono, miezi minne. Pindo nilimaliza siku ya Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi. Baba yako akaja, akalitazama, akasema, 'Kumbe limeisha.' Nikamwambia limeisha. Akasema, 'Basi ngoja na mimi nikanunue viatu.'" Akaisukuma miwani juu ya pua. "Mpaka leo nadhani anavijaribu."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili kwa pamoja. Siku zote nilijua baba aliondoka nikiwa tumboni. Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na gauni. Sikujua kwamba kulikuwa na Alhamisi.

"Jioni ile nikakaa nikafumua pindo lote. Nikajiambia, ningechelewa kidogo, lisingeisha, pengine angengoja. Upumbavu, najua. Mwanaume wa kuondoka haondoshwi na pindo. Lakini tangu siku hiyo mkono huu haujapinda nguo."

"Na mimi ukanipa gauni hilohilo?"

"Ningekupa nini?" Akaligeukia gauni. "Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, ukiondoa wewe. Nilijua nitaweza. Nikilitazama naweza. Nikishika sindano nauona mlango, na mtu anatoka. Kila siku wiki hii nimejaribu." Akamtazama aliyepiga magoti, kwa mara ya kwanza siku hiyo akimtazama usoni. "Sikuchukii, baba. Nakuogopa."

Wengine hapo wangeapa. Wangetaja mbingu na ardhi na kaburi. Yeye alikaa chini sakafuni, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Navua viatu, Mama."

"Naona unavua. Vya nini?"

"Vya harusi ndivyo hivi. Nimevivaa wiki nzima vilainike, vilikuwa vinanibana." Akavua cha kulia, akavua cha kushoto, soksi moja ina tundu kwenye dole gumba. Akavisogeza chini ya cherehani, kando ya pedali, ncha zikiangalia ukutani. "Vikae hapo. Mimi sina safari ya dukani."

Akarudi kwenye magoti, akachoma sindano.

Mshono wa kwanza, Mama alinyoosha shingo. Wa pili, alikohoa. Wa tatu ulipotokeza, alikuwa ameshainuka kwenye kiti.

"Hiyo nini hiyo?"

"Pindo."

"Hilo ni gunia la mkaa!"

"Nimeambiwa nafasi ya punje, Mama."

"Punje ya mchele! Si ya mahindi! Toka. Toka hapo, utaniharibia mtoto!"

Alishuka sakafuni, magoti yakilalamika, akamnyang'anya sindano. Akafumua mshono wa kwanza. Akafumua wa pili. Wa tatu aliutazama, umekaa upande kama meno ya mtoto, akaupita. Akauacha. Kisha akaweka ncha ya sindano juu ya tundu la zamani, na mkono ukasimama hapohapo.

Niliziba mdomo kwa viganja. Nilitaka kumkimbilia, nimwambie acha Mama, nitakodi gauni, nitavaa shuka, nitavaa chochote. Lakini mwanaume wangu alikuwa amebaki palepale alipofukuzwa, amesogea tu kidogo. Akalishika lile kunjo kwa vidole viwili, akamkazia, ili kitambaa kisiteleze.

"Shona taratibu, Mama," akasema. "Mimi sina haraka."

Sindano ikaingia.

Lile gauni ni pana chini, mita tatu na zaidi kulizunguka. Mwenda kwa magoti hafiki upesi. Walizunguka pamoja, yeye akikunja na kushika, Mama akishona, na shuka likining'inia juu ya vichwa vyao. Mwanzoni Mama alishona kama anayetembea kwenye giza. Kila baada ya mishono michache, bila kuinua macho, alikuwa anauliza:

"Upo?"

"Nipo."

Akashona. Akavuta uzi.

"Upo?"

"Nipo, Mama."

Mteja wa suruali akaja, nikamkonyeza kutoka mlangoni kwamba arudi kesho. Alichungulia, akamwona mwanaume yuko na soksi tu sakafuni amekumbatia ukingo wa shuka, akaondoka bila kuuliza. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu sina la kufanya, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yangu pale dukani, nikimtazama mama yangu akipinda. Jinsi anavyojua! Mimi niliyeitwa Pindo mjini kote, kumbe nilikuwa nabahatisha. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Kadiri jua lilivyohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, maswali yakapungua. Sindano ikashika mwendo wake. Ikapita mita nzima Mama hajauliza, na nilijua hakuwa amesahau.

Kisha wakafika. Pindo lilizunguka likarudi mahali lilipoanzia, kwenye ule mshono mmoja uliokaa upande. Mama akapiga fundo. Akainama, akakata uzi kwa meno. Limeisha.

Hakuinua kichwa. Alibaki vile, uso kwenye kitambaa, uzi bado uko mdomoni, na mabega yamekaza kama ya mtu anayengoja kusikia mlango. Hata mimi nilijikuta nausikiliza mlango.

"Upo?" akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Nipo, Mama. Niende wapi na soksi ina tundu?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, kicheko kikageuka kilio katikati, kikarudi kuwa kicheko. Akajishikilia kwenye bega la mwanaume wangu ili ainuke, akaenda mpaka kwenye cherehani, akainama, akavitoa vile viatu. Vilikuwa vimedondokewa na vipande vya uzi mweupe. Akavipangusa kimoja kimoja kwa kiganja, akaja kuviweka mbele ya miguu yake, ncha zikiangalia ndani.

"Vaa," akasema. "Halafu uchomeke pasi, gauni halitoki kwangu na makunyanzi. Na hiyo soksi utaivua unipe niizibe, mwanangu."

Niligeuka kuitika, kwa mazoea. Hakuwa anaongea na mimi.